Maswali yenu ya Jumamosi

Bwana asifiwe, vijana. Vile vikaratasi mlivyotumbukiza kwenye kapu nimevisoma vyote. Kimoja kilikuwa kinaomba nauli ya boda, mwenyewe anajijua.

Swali lililorudi mara nyingi: je, kuwa na shaka ni dhambi? Msomeni yule baba katika Marko 9:24. Alimwambia Yesu anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Hakufukuzwa, mwanawe aliponywa. Tomaso naye alitaka kuona alama za misumari kwanza, na bado akaonyeshwa. Kwa hiyo ulizeni tu, hata mbele ya wazee.

La pili ni gumu: kwa nini Mungu hakuwaokoa mashahidi wa Namugongo, wale waliouawa kule Uganda kwa ajili ya imani yao? Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki kwa Waanglikana, na Kizito alikuwa mvulana wa miaka kama 14 tu. Sina jibu la mkato, na anayesema analo namshangaa. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumlalamikia Mungu, kwa hiyo nasi tutaanzia hapo.

Kuhusu kunyoa rasta na kutoboa masikio, tutatumia dakika tano, basi.

Tukutane saa kumi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, chini ya mwembe. Njooni na Biblia. Za kwenye simu ni sawa, ila zimeni data. Ambaye hakuandika swali bado anaweza kunitumia faraghani, jina lake sitalitaja.