Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi: Mwalimu Wetu wa Jiografia na Safari Alizotuachia

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na shughuli za mavuno. Muhula wa kwanza umefungwa na watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao. Kwa kawaida barua hii huanza na matokeo, lakini safari hii inaanza na msiba. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye baadhi yenu aliwafundisha nyinyi kabla ya kuwafundisha watoto wenu, alifariki mwezi Aprili baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mlikesha na familia yake, mkachangia, mkapika, mkamsindikiza hadi kaburini. Shule inawashukuru kwa moyo wote.

Tangu mazishi, swali ambalo wazazi wengi wanauliza ni moja: je, safari za masomo zitaendelea? Zitaendelea. Najua wapo wanaosema kwamba zilikuwa safari za mtu mmoja jasiri na zimekwenda naye. Wanaosema hivyo walimwona barabarani tu. Ni kweli alikwenda Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, kwa baiskeli, kilomita zipatazo 180 kutoka hapa mjini. Ni kweli alipanda Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, na alishuka kwa miguu ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde. Lakini familia yake imetukabidhi daftari zake za safari, na humo tunamkuta mtu wa hesabu. Ukurasa wa kushoto ni mpango, wa kulia ni yaliyotokea. Kushoto ameandika maji lita 2 kwa kila mwanafunzi. Kulia, kwa wino mwekundu, amesahihisha ziwe 3. Na tangu ukurasa huo, hakuna safari ya kutwa iliyoondoka na pungufu ya lita 3.

Niwaeleze utaratibu wake, kwa sababu ndio tutakaoufuata.

Katika msafara wa miguu, anayetembea polepole kuliko wote hukaa wa pili, nyuma ya mwalimu anayeongoza. Watu wengi humwacha nyuma, na hapo ndipo matatizo huanza: wenye mbio hufika mbele, hukaa kivulini, humsubiri, na akifika tu wao huinuka waendelee. Wao wamepumzika, yeye hajapumzika hata mara moja, na kufikia saa saba mchana ndiye anayezimia. Kuhesabu nako hakukufanywa kwa mwalimu kuonyesha vichwa kwa kidole. Kila mwanafunzi alikuwa na namba yake na aliitaja kwa sauti kila kituo, na alimjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Saa ya kugeuka ilipangwa kabla ya kuondoka. Ikifika, msafara unageuka hata kama kilele kinaonekana.

Kuhusu viatu alikuwa mkali, na wazazi mnakumbuka. Raba mpya hairuhusiwi. Ivaliwe nyumbani angalau wiki mbili, na soksi ziwe jozi mbili, kwa sababu malengelenge huletwa na unyevu pamoja na msuguano, na soksi kavu hupunguza vyote viwili. Kwenye mkoba wa huduma ya kwanza kulikuwa na sukari, chumvi na kijiko cha chai, kwa ajili ya anayeishiwa maji mwilini: vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi. Alisisitiza neno kusawazishwa, maana chumvi ikizidi inamdhuru yule yule unayetaka kumsaidia.

Safari ya Kolo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo tutakayoanza nayo mwezi Agosti kwa Kidato cha Pili. Michoro ya Miambani ya Kondoa iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ina zaidi ya maeneo 150 yenye michoro, na sisi hutembelea machache tu yaliyo karibu na Kolo. Huanzia ofisi inayosimamia michoro pale kijijini, na hakuna anayepanda bila kiongozi wa pale. Michoro myekundu ni ya kale zaidi, ya wawindaji na wakusanyaji. Myeupe ni ya baadaye, ya wakulima, na kuna mahali imechorwa juu ya myekundu. Mwalimu aliwataka wanafunzi waitafute sehemu hiyo wenyewe, wakae mbele yake dakika kumi kimya, ndipo waandike.

Marufuku yake ya kwanza pale ilikuwa maji. Watu hurushia mwamba maji ili rangi ing'ae wapige picha. Rangi hung'aa kweli kwa muda, kisha maji yanapokauka huacha chumvichumvi juu ya mwamba, ukungu mweupe unaofunika mchoro. Kugusa nako hakufai, kwa sababu ya mafuta na jasho la mikono. Marufuku ya pili ilikuwa manukato na mafuta yenye harufu kali, kwa kuwa nyuki hupenda kujenga katika mapango kama yale. Na kwa vile wazee wa Kirangi bado hufanya matambiko yao katika eneo la Mungomi wa Kolo, wanafunzi huingia pale kama wageni wanavyoingia nyumbani kwa mtu: kwa salamu na kwa ruhusa.

Njiani alisimamisha gari waone ardhi ya Kondoa ilivyomomonyoka na ilivyopona. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mwalimu hakuificha hasara ya wafugaji katika uamuzi ule. Aliwaachia wanafunzi wabishane, na ubishi ule ulidumu hadi tumefika shuleni.

Kazi hiyo ya udongo aliileta nyumbani. Mistari ya mawe mliyoiona nyuma ya uwanja wa mpira, ya kuzuia maji yasichukue udongo, ilipimwa kwa kifaa rahisi: fito mbili za mita 2 zilizofungwa pamoja juu na kuachana chini kama herufi A, ufito wa tatu wa mita 1 na sentimita 20 unaozikatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka juu kupita ufito huo. Wengi hukosea hapa: hupima katikati ya ufito kwa rula na kuweka alama. Fito zikitofautiana hata sentimita 2, alama hiyo ni ya uongo. Simamisha A juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapopita. Geuza miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili: uzi ukipita hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Fanyeni asubuhi, kabla upepo wetu wa Dodoma haujaanza kuyumbisha jiwe. Na mawe ya chini yafukiwe sentimita 10 hadi 15, la sivyo maji hupita chini yake na kuchimba korongo jipya. Mstari wa kwanza kabisa uliharibika hivyo hivyo. Aliuacha ulivyo, kwa makusudi, wanafunzi wauone.

Sasa maombi yangu kwenu. Fomu ya ridhaa ya safari imo ndani ya bahasha ya ripoti. Tafadhali irudishwe imesainiwa siku ya kufungua shule, Julai, na muandike ugonjwa wowote wa mtoto, hasa pumu, kifafa na mzio wa nyuki. Hatutasafiri usiku. Mzazi asiye na uwezo wa mchango afike ofisini tuzungumze. Katika daftari zote hakuna mtoto aliyeachwa kwa sababu ya fedha. Mwenye kitabu au ramani yake, aturejeshee kwa wakati wake.

Jambo la mwisho ni kipima mvua. Mwalimu alikisoma kila siku saa tatu asubuhi, likizo na sikukuu. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wanaoishi jirani wamekubali kuendelea, na wazazi wao nawaomba wawaruhusu wafike kwa saa ile ile. Najua mvua hakuna hadi Novemba au Desemba. Hata hivyo sifuri lazima iandikwe kila siku, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama mvua haikunyesha au msomaji hakuja. Ufunguo wa uzio uko kwa mlinzi, na daftari liko palepale alipoliweka, ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule
Dodoma