KUH: Jagi la ufinyanzi la Sunderland, Uingereza, mliloniuzia kuwa la 1820

Kwa Meneja wa Mauzo,

Jagi nililonunua kwenu kwa shilingi 38,000 lilinifikia Jumanne, limefungwa vizuri kabisa. Kwa ufungaji sina neno. Neno langu liko kwenye jagi lenyewe.

Tangazo lenu lilisema: Sunderland, takriban 1820, halina alama ya mtengenezaji kitakoni. Kabla ya kulipa niliwaomba mara mbili picha ya kitako chake, mkanijibu kuwa ni peupe, hakuna cha kuona. Nikatuma pesa. (Hapo nami nina kosa. Majagi haya nayakusanya mwaka wa tisa sasa; muuzaji akikuficha kitako, ana jambo.)

Kwanza nilitilia shaka picha ya daraja la chuma la mto Wear, lile lililofunguliwa 1796, ambalo wafinyanzi wa Sunderland walipenda mno kulichapa. Zamani picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikahamishiwa kwenye chombo kwa karatasi nyembamba. Ukiweka lenzi unaiona mistari ya mchongaji. Hili lina vidoto kama picha ya gazeti, yaani uchapaji wa kisasa. Nikaligeuza. Kitakoni pana duara kama sarafu ya shilingi ishirini, linateleza kuliko pengine. Nikazima taa, nikalimulika kwa ile taa ya kukagulia noti bandia: duara likang'aa peke yake, nikajua limepakwa kitu juu. Nikachukua pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Dakika tano tu, maandishi yakatokea: MADE IN ENGLAND.

Jina la nchi lilianza kuandikwa chini ya vyombo hivi kwa sababu ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, na hayo maneno matatu yakaenea karne ya 20. Jagi la 1820 lingeyapata wapi?

Si jagi baya. Rangi yake ya waridi inapendeza, na mngelitangaza kwa umri wake ningelinunua kwa elfu nne, niwekee maua. Ninachokataa ni kupakiwa rangi ili nisisome.

Nilipopiga simu, kijana wenu alisema bidhaa ikishauzwa hairudi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu bidhaa kuelezwa kwa uongo, hata mkiandika nini ukutani mwenu. Nataka 38,000 zangu zote, pamoja na gharama ya kurudisha kifurushi, ndani ya siku 14.

Nimeambatisha picha za kitako kabla na baada, na majibu yenu mawili. Jagi nimelirudisha ndani ya boksi lile lile. Pamba nayo imo humo.

Wenu,
Mteja, Mombasa