Mama anayepoteza mimba mfululizo apimwe kingamwili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuza mboga hapa Kangemi. Naandika kwa ajili ya akina mama wanaopoteza mimba moja baada ya nyingine na kuambiwa wakaombewe, ilhali kipimo cha damu pengine kingewapa jibu.

Mimba zangu tatu ziliharibika, ya mwisho ikiwa imevuka miezi mitano. Muda si mrefu mguu wa kushoto ukavimba kuanzia pajani, ngozi ikang'aa, hata leso ikinigusa nasikia uchungu. Kliniki moja ikanipa dawa ya kuchua. Shangazi akasema nina damu nzito, akanichemshia tangawizi na vitunguu saumu. Picha ya mshipa ilipoonyesha damu imeganda pajani, ndipo daktari mmoja aliponiuliza, "Mama, umewahi kupoteza mimba?"

Ugonjwa wangu huitwa sindromu ya antifosfolipidi. Dkt Graham Hughes na wenzake, London, ndio walioueleza mwaka 1983. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na maradhi, ila hizi humgeukia mwenyewe. Hushikana na protini iitwayo beta-2 glaikoproteini I, juu ya seli zilizotanda ukuta wa ndani wa mshipa. Seli hizo zikiwa na afya huiachia damu njia: hutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa na kuzuia chembe sahani, vijichembe vya damu vinavyoanzisha mgando, zisigandamane. Zikichokozwa, gesi hupungua, na seli huchomoza molekuli za kunasa, mshipa ukawa kama tawi lililopakwa ulimbo. Chembe nyeupe hunata hapo, kisha seli zenyewe hutoa kichocheo cha kuanzisha mgando. Shida haikuwa uzito wa damu, kwa hiyo tangawizi ya shangazi, kwa mapenzi yake yote, isingenifaa. Kingamwili hizo hizo huliharibu kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na hewa.

Wahudumu wa maabara nao wafundishwe jambo hili. Katika kipimo kimojawapo, damu yenye kingamwili hizi huchelewa kuganda kwenye chupa, na asiyejua hudhani mgonjwa yuko hatarini kuvuja damu tu. Mwilini hatari ni ya kuganda. Isitoshe, kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kingamwili kwa muda. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Pesa za kipimo cha kwanza umezichanga kwa chama na majirani. Za cha pili utazitoa wapi?

Mimba iliyofuata nilitumia aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, najidunga mwenyewe tumboni kila siku. Binti yangu sasa yuko chekechea. Siku hizi natumia wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, na INR yangu, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Niliwahi kuambiwa niache sukuma wiki kabisa. Mimi, ninayeikata kibandani toka asubuhi hadi jioni! Daktari wangu alinieleza vizuri: vitamini K ya mboga hupunguza nguvu ya dawa, lakini la muhimu ni kula kiasi kile kile kila wiki, dozi ipangwe kwa kufuata chakula chako. Nakula sukuma yangu na ugali, na kipimo kimetulia.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila kliniki ya wajawazito imuulize mama kuhusu mimba zilizoharibika na damu kuganda, na vipimo vyote viwili, cha kwanza na cha marudio, vilipiwe na SHA, bima ya afya ya serikali. Na wauguzi wa uzazi wa mpango waulize swali hilo hilo kabla ya kutoa vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwani huongeza hatari ya damu kuganda. Mimi nilipewa bila kuulizwa.

Mama Nekesa,
Kangemi, Nairobi