Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: watoto wa amali wanachora vaisi, hawajaishika

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni fundi mageti hapa Morogoro, mwaka wa 17 huu nachomelea, na nina binti kidato cha tatu mkondo wa amali, yaani sekondari yenye ufundi ndani yake, fani hiyohiyo ya kuchomelea. Yuko kwenye lile kundi la kwanza kabisa lililoingia Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza, sera yenyewe ya elimu Mama Samia alikuja kuizindua Dodoma tarehe 31 Januari 2025, siku hiyo hapa karakana tulizima grenda tusikilize redio.

Nilifurahi sana, nisiseme uongo. Mimi nilimaliza sekondari na divisheni ziro na hata bisibisi nilikuwa sijui inashikwaje, ufundi nimejifunzia mtaani kwa makonzi. Sasa mtoto yuko shule ileile na wenzake wa elimu ya jumla, anasoma Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili, alafu na fani juu yake, nani asingefurahi?

Likizo ya mwezi wa sita akaja kunisaidia kazi. Nikamwambia kaza hiyo paipu kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani, akabaki anaangalia huku na huku. Jioni akanionyesha daftari, vaisi kaichora Mheshimiwa, kila sehemu na mshale wake na jina lake la Kiingereza, mimi siwezi kuchora vile. Ila kuizungusha hajawahi. Nikampa kioo cha kukinga macho na rodi za kuchomelea geji 12 ajaribu kwenye skwea paipu nyembamba, rodi ya kwanza ikanata, ya pili ikanata, ya tatu akatoboa tundu la kupita kidole, ndo akaniuliza baba kwani umeme unapunguziwa wapi. Hilo ni swali la wiki ya kwanza, yeye yuko mwaka wa tatu!

Shuleni kwao mashine ipo, moja. Mwalimu kijana mzuri tu anajitahidi, simlaumu, ila rodi zikiisha zimeisha mpaka sijui lini. Jiografia haiidai shule inunue mlima, kuchomelea kunakula chuma kila wiki, na kila mtoto lazima aharibu cha kutosha ndo mkono ukubali. Hela ya kuharibu hiyo sijaiona ikitajwa popote, tunasikia majengo ya karakana tu.

Na hii tulishaipitia jamani. Miaka ya 1970 sekondari ziligawiwa michepuo, kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu, ile Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 ikitafutiwa vitendo. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na mchepuo wa ufundi zamani, nilipofika mimi karakana ilishakuwa stoo ya madawati mabovu na popo, na mezani kuna vaisi mbili zimeshika kutu. Miaka minne hakuna aliyetuambia zile ni za nini, tulikuwa tunazikalia.

Ombi langu ni hili. Mafundi tupo, toka geti la shule ya kata yoyote ya mjini tembea kidogo utakuta karakana ya mageti, seremala, gereji, cherehani. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi wa mtaani, wanakupima wanakupa cheti, mimi ninacho. Sasa cheti hicho kwanini kisiniruhusu kupokea watoto sita kila Ijumaa, mwalimu wao akiwepo, shule iniletee rodi, chuma, vioo na buti zao, na nikiwasainia vitendo vyao vihesabike kwenye mtihani? Geti watakalotengeneza liuzwe, hela irudi kununua chuma kingine. Posho yangu tutaongea, sio kubwa.

Pia waambie wakuu wa shule waache kuchukulia amali ni ya watoto waliofeli. Kona ya nyuzi 45 ukikosea hesabu geti halifungi, mteja anakurudishia.

Kundi hili linamaliza 2027. Wa kwangu namalizana naye mwenyewe, anakuja kila Jumamosi na rodi hainati tena. Hizo Ijumaa nawaombea wenzake wa darasani.