Kwa nini wakili anakurudisha Baraza la Usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka

Lawama hii imeturudia mara nyingi kiasi kwamba tumeona tuiandikie. Mteja amesaini mkataba wa uwakili, ametoa malipo ya awali, halafu tunamwambia aende kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata yake. Dada mmoja alituambia wazi: "Nimekuja kwa wakili nipate talaka yangu, nyie mnanirudisha kata. Pesa nimewapa ya nini?" Aliondoka akiamini ameliwa.

Pesa ile ni ya kuhakikisha shauri lake halifi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujafikishwa Barazani na Baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Ruhusa ya kuruka hatua hiyo ipo, lakini ni kwa hali chache: mwenzi aliyekutelekeza hajulikani alipo, yuko nje ya Tanzania na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita, amegoma kwa makusudi kufika Barazani, anatumikia kifungo cha miaka 5 au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiopona, au kuna mazingira ya kipekee ambayo mahakama yenyewe imeridhika nayo. "Baraza la kwetu halina maana" haimo.

Wengi hapo ndipo wanapotafuta njia ya mkato. Nje ya mahakama nyingi kuna kishoka, yaani mtu asiye wakili anayejifanya wakili, mwenye meza na kompyuta. Atakuchapia hati ya madai siku hiyohiyo, jina lako amelipachika kwenye hati ya mtu mwingine, na mahali pa hati ya Baraza ataambatisha barua ya mwenyekiti wa mtaa au muhtasari wa kikao cha ukoo. Karani akiipokea, mteja anatuona sisi tulimzungusha bure.

Kaka mmoja alitujia akiwa na hukumu mkononi. Alishinda: talaka imetolewa, nyumba imegawanywa, na mgawo wake ulikuwa mzuri. Mkewe akakata rufaa, na wakili wa upande ule akagusa jambo moja tu, kwamba karatasi iliyoambatishwa ilitoka serikali ya mtaa na si Barazani. Mwenendo wote wa shauri ukafutwa, pamoja na ushahidi wa mashahidi wake. Mmoja wa mashahidi hao, fundi aliyejenga ile nyumba, alikuwa ameshafariki. Kaka huyo aliokoa pesa ya wakili mwanzoni, akaja kutulipa kuanzia sifuri, bila fundi.

Na hati yenyewe ina umri. Isiwe imezidi miezi 6 tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri. Tumepokea wateja walioipata kihalali kabisa, wakaiweka kabatini huku ndugu wakiendelea na vikao, walipokuja kwetu ikawa imepitwa na wakati. Ndiyo maana tukipewa hati, kitu cha kwanza tunachosoma ni tarehe, kisha muhuri, kisha kama Baraza limeandika waziwazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Kuna hati zinazosema tu "wamefika na kusikilizwa". Hiyo tunairudisha irekebishwe, hata mteja akikasirika.

Kuna na wale waliokwisha kuandikiana "hati ya kuachana" mbele ya mtendaji, wakagawana vyombo na kila mtu akashika njia yake. Kwa sheria hao bado ni mume na mke. Mama mmoja aligundua hivyo miaka mingi baadaye, alipotaka kufunga ndoa nyingine na mume wa zamani akaweka pingamizi. Hata kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotamkwa hapa nchini haitoshi peke yake mbele ya sheria: mgogoro upite Barazani kwanza, kisha mahakama ndiyo itoe amri ya talaka.

Shauri likishafunguliwa, upande wa pili unapewa samansi na kuleta majibu. Hapo ndipo tunajua mabishano yako wapi, na mara nyingi hayako kwenye kuachana; yako kwenye nyumba na watoto. Hata hivyo mahakama haitoi talaka kwa kuwa mmechokana. Lazima ithibitike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ushahidi wake ni mambo kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, au kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka 3. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, unahitaji kwanza kibali cha mahakama.

Mali ndiyo inayokula muda wetu mwingi. Kifungu cha 114 kinazungumzia mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango. Watu wanalitaja shauri hilo kama tiketi ya nusu kwa nusu. Si kweli. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe, naye Bi Hawa akazitapanya. Mchango unathibitishwa, haudhaniwi. Tumewahi kumsimamia mama asiye na risiti hata moja. Tukatumia daftari la kikoba alikokopa pesa ya mabati, muuza tofali aliyemkumbuka, na picha za msingi wa nyumba. Kazi ya namna hiyo haionekani kwenye karatasi moja unayopewa na kishoka.

Kuhusu watoto, mahakama hutazama ustawi wao kwanza, na aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kubaki na mama hadi ithibitike vinginevyo. Kumnyakua mtoto shuleni ili "uwahi" kunakuharibia.

Bei yetu hatuishushi kwa kulinganishwa na ya meza ya nje, ila tunaigawa kwa awamu: ushauri na ukaguzi wa hati ya Baraza, uandishi wa madai, usikilizwaji, na rufaa ikitokea, ambayo ina mkataba wake. Kila awamu ina risiti. Hatuchukui asilimia ya nyumba ya mteja, na hatumwahidi mtu ushindi. Wakili yeyote unayemfikiria, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa shilingi. Asiye na uwezo kabisa aulize msaada wa kisheria. Upo kwa Sheria ya 2017, na tukiona mtu anastahili tunamwelekeza huko.

Ukija mara ya kwanza, beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya Baraza kama unayo, na nakala za chochote kinachohusu mali: mikataba ya mauziano, risiti, taarifa za benki, daftari la kikoba. Cheti cha ndoa kikiwa kimefichwa na mwenzio, njoo na jina la msikiti, kanisa au ofisi mlikofungia ndoa pamoja na mwaka, tutaanzia hapo.