Kwa vijana mnaowashangilia wanajeshi wa Sahel

Wajukuu zangu,

Naona mnavyosambaza picha za makapteni na makanali waliotwaa madaraka kwa mapinduzi katika nchi za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, mkitamani na sisi tupate wa namna ile. Siwalaumu, aliyechoshwa na wezi humkaribisha yeyote mwenye rungu. Lakini kabla hamjachagua shujaa, mtazameni Amadou Toumani Touré wa Mali, ambaye wenyewe walimwita ATT.

Machi 1991 serikali ya Moussa Traoré ilikuwa inawapiga risasi waandamanaji mjini Bamako. Moussa naye aliingia kwa mapinduzi, 1968, akang'ang'ania miaka 22. ATT, luteni kanali, akamkamata. Hadi hapo hana ajabu yoyote. Ajabu ni kilichofuata: aliitisha mkutano wa kitaifa, katiba ikapigiwa kura, uchaguzi ukafanyika, na yeye hakugombea. Juni 1992 akamkabidhi nchi Alpha Oumar Konaré. Alikuwa na miaka 43, bunduki anazo, watu wanampenda, na bado akatoka! Alirudi madarakani 2002, baada ya kuvua gwanda na kuomba kura kama raia mwingine.

Wanaomsifu huishia hapa. Mimi siishii. Akiwa rais aliwakusanya wanasiasa serikalini hadi upinzani ukakosa meno, rushwa ikanawiri, na jeshi alikotoka likadhoofika. Waasi wa Kituareg walipoanza vita kaskazini Januari 2012, askari walilalamika kwamba wanapelekwa vitani bila silaha za kutosha. Machi 22 Kapteni Amadou Sanogo akampindua, zikiwa zimebaki wiki chache tu uchaguzi ufanyike, na ATT hakuwa mgombea. Waliompindua walisema wanaiokoa kaskazini. Haukupita muda, miji ya huko kaskazini, Kidal, Gao na Timbuktu, ikaanguka yote mikononi mwa waasi.

Leo Mali iko mikononi mwa Assimi Goïta, mwanajeshi mwingine aliyeingia kwa mapinduzi. Uchaguzi uliahidiwa Februari 2022, ukasogezwa hadi 2024, haukufanyika. Mwaka 2025 vyama vikavunjwa, naye akaongezewa miaka 5 bila kura.

Hotuba za wanajeshi hawa za kuikemea Ufaransa, mkoloni wao wa zamani, hata mimi zinanifurahisha, nisiwafiche. Ila shujaa wenu mwulizeni mambo mawili: uchaguzi ni tarehe ngapi, na jina lake litakuwemo kwenye karatasi ya kura? Mkimpata aliyejibu, nitumieni picha yake. Nitaisambaza mwenyewe.

Babu yenu