Kaka, Jumamosi usinipigie simu

Lincoln, Nebraska
28 Septemba 2022

Kaka shikamoo,

Mama naye mpe shikamoo yake, mwambie mguu umepona kabisa na zile dawa za mchemsho alizotuma na wifi nimezimaliza.

Najua umenuna. Jumapili ile ya tarehe 11 umepiga simu mara tatu sijapokea, na ile voisi yako niliisikiliza baadae, unacheka mpaka unakohoa, eti Simba yenu imefulia mpaka imekuja kuazima kocha Tanga, kocha wenu Zoran kaondoka mmembeba Mgunda wetu wa Coastal, na jana yake tu kawashindia Lilongwe 2-0 na wala hamjaamini. Sawa bwana, wagosi mmetamba, nakubali. Ila siku ile mi nilikuwa na msiba wangu huku, maana na sisi ndo siku tuliyomtimua kocha, yaani saa zilezile unazonicheka mji mzima huku watu wako kwenye simu, kanisani kwenye simu, mpaka foleni ya supamaketi watu hawasogei wanasoma.

Utauliza timu gani tena. Ni ile ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha hapa, Nebraska, wenye mashati mekundu kwenye picha zangu. Ndiyo kaka, wanafunzi. Nilivyofika 2013 nilikuwa kama wewe, naona ujinga mtupu, mpira gani wa kushika kwa mikono, wanakimbia sekunde sita wanasimama wanajadiliana kama kikao cha harusi. Kazini kuna mzee mmoja, tiketi zake za msimu amerithi kwa baba yake, akanichukua siku moja kwa huruma tu, na toka siku hiyo nimekwisha. We fikiria uwanja wa wanafunzi unaingiza watu zaidi ya 85,000, Mkapa pale ni 60,000, na toka mwaka 1962 kila mechi ya nyumbani tiketi zinaisha. Zaidi ya mechi 380 mfululizo, bibi yetu alikuwa bado binti! Wenyewe wanasema siku ya mechi uwanja unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa jimbo zima, na sio utani.

Na walikuwa kweli wanajua mpira, asikudanganye mtu. Mabingwa wa nchi mara tano, 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, kocha wao mzee Tom Osborne alikaa miaka 25 akashinda mechi 255 akapoteza 49. Sasa hiyo ndo sumu yenyewe. Alivyoondoka yule mzee watu wakajiona ushindi ni haki yao kama mvua za masika, akaja Solich, 2003 akashinda tisa akafungwa tatu, wakamfukuza. Akaja Pelini, misimu saba yote hajawahi kushuka chini ya mechi tisa za kushinda, na mie nikiwa hapa hapa 2014 nikashangilia anafukuzwa, nilikuwa nashangilia kwa kufuata mkumbo tu sijui hata offsaidi yao ikoje. Leo hii kaka tungepata mechi tisa tungechinja ng'ombe.

Sasa huyu wa juzi, Scott Frost, huyu ndo alituumiza zaidi maana ni mtoto wa nyumbani. Kazaliwa hapa hapa Lincoln, kakulia kijiji cha Wood River, na ndiye aliyekuwa kwotabeki wa ubingwa ule wa 1997. Kwotabeki ndo yule anayepewa mpira kwanza aamue kutupa au kukimbia, namba kumi wao. Akaenda kufundisha Florida kwenye kile chuo cha Orlando, 2017 wakamaliza msimu hawajafungwa hata moja, akarudi huku anapokelewa kama mahujaji wanavyopokelewa Tanga, watu wanalia. Mkataba miaka saba dola milioni 35. Mie nilinunua fulana mbili, moja ndo ile nilikutumia wewe ukampa fundi baiskeli.

Mwaka wa kwanza kashinda nne kafungwa nane. Tukasema ajenge timu. Wa pili tano kwa saba. Wa tatu korona, tatu kwa tano. Mwaka jana ndo usiseme, tatu kwa tisa, na zile tisa zote alizofungwa hamna hata moja iliyozidi pointi tisa, yaani zote ni za kukaribia, tunaongoza tunaachia, tunakaribia tunadondosha mpira, kila Jumamosi unaenda kulala na kichwa kinauma. Bora hata kupigwa nyingi unazima tivii mapema unaenda kufua. Jumla katuachia mechi 16 za kushinda na 31 za kufungwa.

Mwezi wa nane wakapelekwa Dublin, Ireland huko, kufungua msimu na chuo cha Northwestern. Tunaongoza 28-17, mambo matamu, kocha anaamka anaamuru upigwe ule mpira mfupi wa kuvizia, yaani badala ya kupiga mbali uwape wenzio unaupiga karibu ukitegemea muuwahi nyinyi wenyewe. Kamari ya mtu aliyefilisika hiyo, sasa sie tunaongoza tunacheza kamari ya nini? Wakauwahi wao, wakafunga, tukafa 31-28. Na intaneti ya uwanja ikakatika kadi hazilipi, bia zikagawiwa bure, nadhani ndo kitu pekee washabiki wetu walichorudi nacho.

Alafu tarehe 10 mwezi huu ndo wakaja chuo cha Georgia Southern. Hawa kaka ni wale timu unawalipa waje uwafunge, tuliwalipa zaidi ya dola milioni moja, kawaida tu huku, wakubwa wanalipa wadogo waje kupigwa, hela ikaponye bajeti yao. Chuo chetu kilikuwa kimeshacheza nyumbani mechi 214 ambazo kilifunga pointi 35 au zaidi na zote 214 kilishinda. Siku ile tulifunga 42. Wao 45. Yadi 642 walisogeza mpira, walitembea juu yetu kama wanaenda sokoni, uwanja kimya, unasikia mtu anatafuna bisi, mwaka huu hata yale maputo mekundu tunayoachia tukifunga pointi za kwanza hayapo, gesi ya kuyajaza imeadimika duniani, mzee wangu akasema hata maputo yamegoma.

Kesho yake wakamtimua. Sasa nisikilize hapa, maana ndo ninapopatia presha. Kuvunja mkataba siku ile fidia ilikuwa dola milioni 15. Wangengoja mpaka tarehe 1 Oktoba, yaani Jumamosi hii inayokuja, ingeshuka iwe milioni saba na nusu. Wiki tatu kaka! Hawakuweza kuvumilia wiki tatu. Milioni 15 ni karibu bilioni 35 za kwetu, na mtu analipwa ASIFANYE kazi. Mie nikichelewa dakika kumi natumiwa imeili. Na usiniambie ni hela za wafadhili, najua, ila wafadhili hao hao ndo walishangilia wakati anaongezewa mkataba.

Lakini kocha tumelaumu mpaka basi, kinachoniuma zaidi ni namna hawa vijana wanavyopatikana, usajili wenyewe. Huku hamna dirisha la kununua mchezaji kama Simba na Yanga, unaenda nyumbani kwa mtoto wa fomu four, unakaa sebuleni unamsifia chakula mama yake, unaahidi skolashipu, na nafasi za skolashipu mwaka huu wa 2022 ni 85 tu timu nzima. Watoto wanapewa nyota mpaka tano kama hoteli. Na Nebraska watu hawafiki hata milioni mbili, inabidi wakavue mbali, Texas, Florida, California. Zamani tulikuwa ligi moja na watu wa Texas, mtoto wa kule anajua atacheza kwao bibi yake akamwona, 2011 tukahamia ligi ya kaskazini kufuata hela za tivii, Big Ten, na kule Texas tukasahaulika taratibu. Ubaya zaidi hata wa mlangoni tunawaachia, kuna Noah Fant alisoma sekondari Omaha hapo, saa moja kwa gari, akaenda kwa jirani zetu Iowa na akaibukia kuchaguliwa raundi ya kwanza NFL, ile ligi kuu ya kulipwa.

Na siku hizi mtoto akikasirika anajiandikisha kuhama, toka mwaka jana anaruhusiwa mara moja kuhama na kucheza papo hapo, alafu toka Julai ya mwaka jana wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, matangazo na nini. Wazee huku wanalia eti mpira umeharibika, watoto hawana uvumilivu. Mi nawauliza, uvumilivu wa wiki tatu umewashinda nyinyi wenye ndevu, mnamdai mtoto wa miaka 19?

Nikwambie kitu kimoja cha hapa mtaani. Yule jirani yetu Mkongo wa Uvira, wa ghorofa ya chini, kijana wake ni jitu, ana miguu kama mlango, na mpole. Msimu uliopita kocha msaidizi wa chuo kimoja, sitaki kukitaja na wala sio hiki chetu, alikuwa anamtumia meseji kila siku asubuhi, mara umelala vipi, mara msalimie mama, wakaja mpaka nyumbani wakala sombe, kisamvu cha kwao, mama wa watu kawapikia na ugali wakaumaliza wote na mikono. Baba mtu kingereza chake cha kuokoteza, mi ndo nilikuwa mkalimani siku ile, mimi mwenyewe ndo nilitafsiri neno "familia", alilisema mara nyingi sana yule bwana. Alafu yule kocha kafukuzwa huko kazini. Meseji zikakata siku hiyo hiyo. Kijana akawa anaamka anaangalia simu, hamna, alivyopiga chuoni kaambiwa benchi jipya lina mipango yake. Sasa hivi anafanya kazi ya usiku kwenye bohari na anasoma kile chuo kidogo cha hapa mjini. Baba yake alinifata mlangoni akaniuliza, wewe ulisema familia, ilikuwa maana yake nini? Sikuwa na jibu kaka, nikamkaribisha chai.

Na mie sio msafi. Kuna kijana anaitwa Adrian Martinez, alikuja hapa 2018 toka Fresno, California, kapangwa kwotabeki toka mwaka wa kwanza, miaka minne yote, nahodha. Akidondosha mpira tunamtukana. Nilimtukana mimi kwa kiswahili tena kile cha Ngamiani, mzee wa watu kauliza nasema nini nikamwambia namuombea dua. Mwaka jana akacheza na taya limevunjika, hatukujua, tunapiga kelele tu mtoe huyo. Msimu ulivyoisha akahama, akaenda Kansas State, hapo kusini saa mbili na kitu kwa gari, na sie tukasema afadhali, sasa kocha atapumua.

Tarehe 17 Oklahoma wakaja hapa kwetu wakatupiga 49-14, kocha wa ulinzi naye kafukuzwa kesho yake. Wiki iliyofata hatukuwa na mechi, Jumamosi usiku nikakaa zangu na wali maharage naangalia tivii, Oklahoma hao hao, nambari sita nchi nzima, wako kwao wanacheza na Kansas State. Kaka, yule kijana kakimbia yadi 148, kaingia kufunga mwenyewe mara nne na ya tano kampasia mwenzie, wamewapiga 41-34. Kila akiingia anakabidhi mpira kwa refa anarudi zake, wala hachezi wala hatambi. Mi niliacha kula. Nilimpigia mzee wangu, tukakaa kwenye simu muda mrefu hakuna anayesema kitu, mwisho akasema tu, "alikuwa hapa." Ndiyo mzee, alikuwa hapa, miaka minne.

Sasa tumepewa kocha wa muda, Mickey Joseph, mchezaji wa zamani wa hapa hapa, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu hii ya futiboli. Ndo maana nimesema tusichekane sana, mna Mgunda wenu na sie tuna wetu, wote wamepewa nyumba inavuja wakati mvua imeshaanza. Tofauti yake Mgunda ameanza kwa kushinda. Ila wale wazee wanaoandika hundi wameshaanza kutaja majina ya makocha wakubwa wa mamilioni, hata mwezi hajamaliza yule bwana, na hao watoto waliokwishaahidi kuja mwakani sijui nani anawatumia meseji asubuhi.

Jumamosi hii tunacheza na Indiana, saa kumi na mbili na nusu jioni ya huku, kwenu itakuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Mzee kanipa tiketi ya mkewe, mkewe kagoma kwenda. Nitaenda, ndiyo, usicheke, na yule kijana wa Uvira nimemuombea ruhusa kazini kwake nimpeleke, hajawahi kuingia uwanja ule. Kwa hiyo simu usipige mpaka nikupigie mimi. Hela ya mabati ya Mama natuma Ijumaa, mwambie fundi asianze kutoboa kabla hajaiona, na ile fulana mdai fundi baiskeli, naitaka.

Mdogo wako